Mwezi Ulipochomoza Walikuwa Bado Juu

9 Machi

Kaka Timazi,

Shikamoo, na salamu kwa wote waliopo nyumbani: mama, wifi, na wale wanangu wawili wasiojua kuandika barua ila kuagiza zawadi wanajua. Mimi mzima. Studio ni ileile: watoto wanaokataa kufumbua macho kwa picha za pasipoti, na wachumba wanaotaka nipunguze vitambi vyao. Nimehama chumba. Sasa niko ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha magodoro, na kila nikifungua dirisha chembe za sponji zinaingia mpaka kwenye chai.

Nimekupigia simu mara nyingi hadi yule dada wa "haipatikani" nimeanza kumjulia hali. Ndiyo maana naandika. Uliondoka bila kuaga, na sikukulaumu. Jukwaa la ujenzi kuanguka na kuua watu wawili, nawe ndiye msimamizi, si jambo la mtu kusimama mlangoni kuaga.

Sasa habari yangu. Unakumbuka nilivyokuwa nasumbukia picha ya mji, jua likizama na mwezi ukichomoza kwa pamoja? Nafasi hiyo ni jioni moja tu kwa mwezi, siku moja kabla mwezi haujajaa. Jua linakuwa bado liko mgongoni mwangu, linayapaka majengo rangi, na mwezi umeshatoka mbele yangu, nyuma ya majengo hayo. Miezi saba nimepanda paa la chuo cha ushonaji na lenzi yangu ndefu. Mara mawingu, mara vumbi, mara mlinzi kasahau ufunguo. Safari hii nimeipata, kaka. Madirisha ya mji mzima yamewaka, na mwezi umekaa begani kwa jengo lenu, mkubwa mpaka unatia hofu. Nimemwonyesha mchapaji wa kalenda. Anaitaka iwe jalada.

Niliipiga tarehe ishirini Februari. Siku ileile.

Hivi siku hiyo ulitoka kazini saa ngapi? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Kidoti


27 Machi

Kidoti,

Marahaba. Barua yako imefika, wanao wameigombania wakidhani ndani kuna peremende. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na sasa anatema mate kwa mbali kuliko mdogo wake, basi nyumba haina amani.

Laini ile ya simu nimeitupa. Usinipigie kwa simu ya mama. Mama huweka spika, na majirani hujibu kabla yangu. Endelea kuandika kwa sanduku la posta la shule anayofundisha wifi yako. Yeye ndiye anayeleta barua na kupeleka.

Naijenga upya bafu ya mama. Ametoa kiti, amekaa nyuma yangu kutwa nzima na fimbo, kila tofali analihoji. Nimesimamia majengo ya ghorofa kumi na mbili, sijapata kuona msimamizi mkali kama huyu. Analalamika kwamba napiga kelele usingizini. Mama naye hutia chumvi.

Nilitoka saa kumi na moja. Ndivyo taarifa ya kampuni inavyosema, na sahihi yangu iko chini yake. Mafundi wote niliwaruhusu saa hiyohiyo. Mengine waulizwe wenye kampuni.

Funga dirisha, hizo chembe za sponji si nzuri kwa kifua chako.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mwambie huyo kibogoyo shangazi yake anamsalimia, na asimtemee mwenzake. Mimi kifua kizima. Studio tumepata pazia jipya la nyuma, la buluu, na sasa kila mteja anatoka kwenye picha kama mgombea ubunge.

Nilikwambia nimepata picha niliyoitafuta miezi saba, na hukuuliza hata neno moja. Wewe, uliyenifundisha kushika kamera bila kutikisika kwa kuniwekea tofali mkononi. Basi nikajua.

Nisikilize. Wiki iliyopita aliingia studio mama mmoja na kitambulisho cha mumewe. Alitaka picha ile ndogo ya kwenye kitambulisho nimkuzie aitundike ukutani. Nikamuuliza mumewe yuko wapi, akasema, "Alikuwa fundi nondo. Walimwita Chapchap." Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Akasema, "Ikuze vizuri, dada. Nataka watu wanaoingia kwangu wamwangalie usoni, waseme kama hii ni sura ya mwizi."

Taarifa ya kampuni inasema wale wawili, Chapchap na mwenzake waliyemwita Mzee wa Koleo, waliruhusiwa saa kumi na moja, kisha wakarudi kwa siri kuiba nondo, ndipo jukwaa likawaangusha. Mtaani kwake mtoto wake wa kike ameacha kwenda kisimani kwa sababu ya maneno.

Mchapaji alitaka picha yangu kubwa, upana wa meza. Nikaifungua kwenye kompyuta nifute madoa ya vumbi. Juu kabisa ya jengo lenu, kwenye jukwaa, wapo watu wawili. Wameinama wanafunga nondo kwa waya. Mwizi hafungi, kaka, mwizi anafungua. Na chini yao, kwenye zege la ghorofa ya saba, yuko mtu wa tatu amewatazama. Mrefu, kofia ngumu nyeupe, mkono wa kushoto kiunoni.

Nimekuona ukisimama hivyo tangu nina miaka minne.

Usiniambie saa ya kamera inaweza kukosea. Mwezi haukosei. Pale ulipo kwenye picha, ni saa kumi na mbili na robo.

Kamati ya uchunguzi inakaa tarehe kumi na saba Juni. Sijamwonyesha mtu. Mchapaji nimemwambia picha ina kasoro.

Niandikie.

Kidoti


6 Mei

Kidoti,

Wote wazima. Bafu imekwisha.

Warefu wenye kofia nyeupe wako wangapi mjini? Wenye mkono kiunoni wako wangapi? Umekaa na kompyuta ukakuza vivuli mpaka vikawa watu, ukawapa majina.

Hujui kazi yetu. Hujui mkandarasi anapokuja na gari lake anasemaje. Wewe unapanda paa, unasubiri mwezi, unabonyeza, unashuka. Siku ile ulipopata homa mama akiwa safarini, nani alikubeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inatupiga njia nzima? Baba alipotutoka, nani alisimama? Leo unataka mama aone jina langu limeandikwa vipi?

Wale wameshakufa. Hakuna picha itakayowashusha pale juu wakiwa hai. Mimi nina watoto wawili.

Ifute. Nakuomba kama ndugu, ifute.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi bafu imekwisha. Mwambie mama asiingie kwanza mpaka sakafu ikauke vizuri, maana namjua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulinibeba, ni kweli. Nakumbuka hata wimbo uliokuwa ukiuimba ili nisilale. Wala sikukataa kwamba ulisimama baba alipoondoka. Lakini nimetafuta kwenye barua nzima mahali uliposema "si mimi," sikupaona.

Yule mama alirudi kuchukua picha ya mumewe. Aliitazama, akasema nimemfanya anang'aa. Kisha akaniuliza kama nina ndugu hapa mjini. Nikasema hapana. Nimekukana, kaka, kwa midomo yangu, ndani ya studio yenye pazia la buluu.

Sitaki kwenda mbele ya kamati na picha. Nataka wewe uende na mdomo wako. Ukienda wewe, mimi nitakaa nyuma yako kwenye benchi nikushikie koti, na picha sitaitoa. Lakini kama hutakwenda, nitaipeleka. Nangoja mpaka tarehe tano Juni. Barua huchukua siku tatu mpaka tano, basi muda upo.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Kidoti


6 Juni

Kaka,

Jana nilikwenda posta mara mbili. Mara ya pili karani alinionea huruma, akafungua sanduku mbele yangu nijionee lilivyo tupu.

Leo saa nne asubuhi nimeipeleka picha. Katibu wa kamati aliuliza uhusiano wangu na msimamizi. Nikamwambia: "Ni kaka yangu, tumbo moja." Aliacha kuandika, akaniangalia, kisha akaendelea.

Nisalimie mama. Usimwambie mpaka niweze kumwambia mwenyewe.

Kidoti


26 Mei

Mdogo wangu Kidoti,

Hatujambo. Mama aliingia bafuni kabla sakafu haijakauka, alama za nyayo zake ziko pale mpaka leo. Anasema ni sahihi yake.

Barua yako ilifika jana. Nimekaa nayo chini ya dari jipya la bafu, mahali pekee nyumbani penye komeo, na nimeona nikuandikie kila kitu kabla sijabadilisha mawazo.

Ni mimi.

Siku ile nondo zilichelewa kufika. Mafundi walifanya kazi mfululizo, mapumziko ya mchana hayakuwepo. Saa kumi na moja niliwaruhusu, hiyo si uongo. Mkandarasi akapiga simu: gari la zege linakuja alfajiri, nondo za kona ya mashariki zimefungwa? Nikasema bado. Akasema, "Basi unaongea nini na mimi?" Akakata.

Kona ile jukwaa lake lilikuwa na vibano viwili pungufu. Asubuhi ya siku hiyo niliandika kwenye daftari la kazi kwa mkono wangu: upande wa mashariki asipande mtu. Daftari lile baadaye sikuliona tena. Wale wawili nilikuta wanabadili nguo. Niliwaomba warudi. Mzee wa Koleo alisema, "Timazi, kule si umekataza mwenyewe?" Unajua waliniita Timazi kwa sababu ukuta ukipinda hata unene wa ukucha naubomoa. Nikamwambia, "Dakika ishirini tu, nimesimama hapa nawaangalia." Nilisimama kweli, na dakika ishirini zikawa saa nzima. Niliangalia kweli. Picha yako haisemi uongo.

Jukwaa halikutoa mlio mkubwa. Lilifanya kama mtu anayevuta kiti.

Mkandarasi alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali na karatasi. Alisema nikitia sahihi sote tunapona. Ningeweza kukwambia kwamba neno wizi liliongezwa baadaye. Halikuongezwa. Nilisoma karatasi nzima, neno lilikuwepo, nikatia sahihi. Kesho yake nikapanda basi.

Nitakuja. Nitakuwa huko kabla ya tarehe kumi na saba, na nitasimama mbele ya kamati kwa miguu yangu. Ninakuomba jambo moja tu: picha usiitoe. Niache nitangulie kusema. Si kwa ajili ya hukumu. Nataka mama yangu na wanangu waweze kusema kwamba alisema mwenyewe, hakukamatwa.

Wifi yako nimemwambia jana. Amelia, kisha akaniambia niandike, ataipeleka posta kesho akienda shuleni.

Kaka yako


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Najua uko nyumbani unangoja mahakama, na najua hukutaka kuniona pale kwenye ukumbi. Ulipita mbele ya benchi langu kama unapita mbele ya nguzo. Nilikuwa nimekuja na koti la ziada. Hata sijui nililichukulia nini.

Barua yako ya tarehe ishirini na sita Mei ilinifika tarehe kumi na moja Juni. Siku tano kabla ya hapo nilikuwa nimeshaitoa picha. Niliisoma nimesimama pale posta. Nikakimbia kwa katibu kumwomba anirudishie. Akanionyesha muhuri. Ilikwisha kuwa mali ya kamati.

Kisha nikageuza bahasha. Muhuri wa posta yenu unasema tarehe nane Juni. Uliandika ishirini na sita Mei. Hiyo barua ilikuwa wapi siku kumi na tatu, kaka?

Niliona walivyofanya. Walizima taa, wakaitandaza picha yangu ukutani, mwezi ukajaa ukumbi mzima, wakachora duara jekundu kukuzunguka. Ndipo ukasimama. Yule wakili wa kampuni akacheka, akasema, "Anasema sasa kwa sababu hana pa kujificha." Nilisimama nikasema, "Aliniandikia kabla!" Mwenyekiti akaniomba barua. Nikampa. Akasoma tarehe yako, akasoma muhuri, akanirudishia kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kicheko cha wakili.

Neno wizi limefutwa kwenye taarifa. Hilo limefanyika. Mkandarasi naye atashtakiwa, hilo pia limefanyika.

Lakini mama hapokei simu yangu, hata ya spika. Na wewe hujaniandikia. Mimi ninaamini tarehe yako. Nataka ujue kwamba yupo mtu mmoja anayeiamini.

Kidoti


24 Julai

Kidoti,

Marahaba. Wote wazima kadiri ya hali. Mama atakupigia. Nimemwambia usiku na mchana kwamba wewe hukunisaliti, na jana alisema, "Sijasema amekusaliti. Nimesema sina la kumwambia." Kwa mama hiyo ni hatua.

Barua ilikuwa kwenye mkoba wa wifi yako, katikati ya madaftari ya darasa la tatu. Siku kumi na tatu aliibeba kwenda shule na kuirudisha. Alitumaini nitabadili nia, au wewe utachoka. Mkandarasi alipompigia simu mkurugenzi wa shule kuulizia habari zangu, ndipo akaogopa zaidi, akaona kuificha hakutusaidii tena, akaitia kwenye sanduku. Aliniambia haya akiwa amepiga magoti, nikamnyanyua. Usimchukie. Mimi nilificha watu wawili miezi minne, yeye alificha bahasha siku kumi na tatu. Ukimwandikia, mwandikie kama zamani.

Mwezi wa tisa kesi itatajwa. Kazi ya usimamizi nimekatazwa maisha. Sikatai.

Sikupita mbele yako kama nguzo. Nilipita hivyo kwa sababu ningekuangalia ningelia, na nilikuwa sijasema bado.

Sasa nikwambie jambo ambalo hujui. Kesho yake baada ya kikao, kabla sijapanda basi, nilikwenda kwa yule mama, mke wa Chapchap. Nilimkuta nje anaanua nguo. Picha uliyomkuzia niliiona kupitia mlangoni. Nilimwambia mimi ni nani, akasema ananijua, ameniona ukutani na duara jekundu. Akaendelea kukunja nguo. Mtoto wake wa kike alileta kigoda, mama akamwambia akirudishe ndani, basi nikasimama.

Nilisema niliyokwenda kusema. Hakuniuliza kuhusu picha. Hakuniuliza kwa nini nilitia sahihi chini ya neno lile, wala kama niliungama kabla au baada. Habari za tarehe na muhuri, zinazokunyima usingizi wewe na mimi, hata sikuzitaja. Pale kwenye kamba ya nguo niliona hazina pa kukaa.

Alimaliza shuka la mwisho, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akaniuliza: "Alikuwa amekula?"

Kidoti, nilitaka kusema ndiyo. Neno dogo, na hakuna duniani ambaye angenipinga. Nikamwambia hapana. Nikamwambia hakukuwa na mapumziko siku ile, na kwamba mumewe alishika tumbo lake kwa utani akasema njaa inamla, nami nikamjibu, utakula ukishuka.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayethibitishiwa jambo.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimemfunikia chakula."

Akabeba nguo zake akaingia ndani.

Kaka yako